Lushoto, Amani au Taita: mlima upi wa kwenda na baiskeli kwa siku nne tano?

Kila mwaka masika yakielekea ukingoni, waendesha baiskeli wanaanza kuulizana. Tuko wanne, gari ni moja lenye kibebeo cha baiskeli nyuma, likizo ni siku nne au tano. Twende wapi? Majibu huja kwa picha: huyu katuma ukungu wa Mtae, yule katuma mashamba ya chai ya Amani, mwingine kakaa juu ya jabali Taita na nyika ya Tsavo imetandazwa chini yake. Picha zote nzuri, na hakuna hata moja inayokusaidia kuamua. Mimi huanza na swali kavu zaidi: nyinyi mkiwa kwenye baiskeli, gari litakuwa wapi, na nani atakuwa kwenye usukani?

Kwa asili milima hii mitatu ni ndugu. Yote imo katika Tao la Mashariki, ule mlolongo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa nchini Tanzania. Yote hupata mvua kutoka Bahari ya Hindi, na yote inachomoza ghafla kutoka kwenye nyanda za chini zenye joto. Ukiwa kwenye baiskeli, lakini, udugu huo unaisha haraka. Usambara ya Magharibi, upande wa Lushoto, ni mlima wa kuvuka: leo unalala hapa, kesho mbele, keshokutwa ukingoni kabisa. Taita ni mlima wa kufikia sehemu moja, kuteremsha mizigo, na kuzunguka kila siku kwa njia tofauti. Amani, yaani Usambara ya Mashariki, ni msitu. Unaingia ndani yake, unakaa, unatoka.

Suala la gari

Lushoto ndiko gari linakoleta mjadala. Safari yenye maana huko ni ile ya kutoka Lushoto mjini, kupita Magamba na Lukozi, kulala Rangwi au jirani yake, kisha kuendelea hadi Mtae au Mambo kwenye ncha ya kaskazini-magharibi. Kwa barabara kutoka Lushoto hadi Mtae ni kama kilomita 60, na ukichepuka kwenye vijia vya mashamba zinaongezeka. Hutarudi kulala ulikoanzia, kwa hiyo mizigo lazima isafiri. Njia ni tatu: mmoja wenu aendeshe gari mkipokezana kila siku, mkodi dereva, au kila mtu abebe vitu vyake kwenye mifuko ya baiskeli na gari libaki Lushoto kwenye gesti yenye geti na mlinzi.

Mimi napendelea dereva wa kukodi, tena mwenyeji. Barabara za juu ni nyembamba, zina kona ambazo basi likija mmoja lazima arudi nyuma, na kijana wa Lushoto anajua ni wapi pa kupishana. Kupokezana nako kunafaa kama kundi lina mtu asiyependa kupanda, maana ndiye atakayejitolea siku ya Magamba bila kuombwa mara mbili. Mkichagua kubeba mizigo na kurudi kwa usafiri wa umma, kumbukeni kwamba mabasi ya Mtae yanaondoka alfajiri na mapema, na nafasi ya baiskeli juu ya basi inapatanwa na kondakta jioni yake, si asubuhi abiria wakiwa wameshajaa.

Taita hakuna mjadala huu. Gari linapanda hadi Wundanyi, linaegeshwa, na halihitajiki tena mpaka siku ya kuondoka. Wanne wote mnaendesha, kila siku. Kwa kundi dogo lisilo na hela ya dereva, hili peke yake linatosha kuamua.

Amani iko katikati. Gari linafika hadi juu kwenye nyumba za wageni, na mizunguko mingi inaanzia na kuishia hapo. Tatizo ni siku ile mtakayotaka kushuka hadi lango la hifadhi la Sigi, maana ni mteremko mtamu na hakuna anayetaka kuupanda tena mchana. Mtu mmoja atalazimika kushuka na gari. Pigeni kura usiku wa kuamkia siku hiyo.

Kufika

Kwa wanaotoka Dar, Lushoto na Amani zinatumia njia moja hadi Segera. Wengi siku hizi wanakwepa foleni ya Kibaha kwa kupita Bagamoyo na kutokea Msata. Segera ndipo njia zinapoachana: anayekwenda Lushoto ananyoosha kupitia Korogwe hadi Mombo, kisha anapinda kulia na kupanda kilomita 33 za lami kupitia Soni. Anayekwenda Amani anashika njia ya Tanga hadi Muheza, halafu anaingia barabara ya vumbi kuelekea Sigi. Ukitoka Dar alfajiri, kote unafika mchana au jioni, lakini Amani usiiendee giza likiwa limeingia. Sehemu ya mwisho ina kona kali, miti imefunika, na utelezi haukungoji.

Taita ni ya wakazi wa Mombasa kabla ya kuwa ya mtu mwingine. Voi iko kama kilomita 150 kutoka Mombasa na zaidi ya 300 kutoka Nairobi, kwenye barabara ileile ya malori. Kutoka Voi unashika njia ya Taveta hadi Mwatate, unapinda kulia, na lami inakupandisha kwa kona hadi Wundanyi. Asiye na gari anaweza kushuka na treni Voi na kumalizia kwa matatu, ingawa suala la baiskeli kwenye behewa ni la kuuliza kabla ya kukata tiketi.

Jambo moja la kuzingatia sana: kati ya Voi na Mwatate, na zaidi kuelekea Bura na Maktau, ni nyika inayopakana na Tsavo. Tembo wanavuka. Wanavuka hata mchana, na jioni ndio zaidi. Sehemu hiyo pitieni kwenye gari, baiskeli zikiwa zimefungwa. Kila msimu kuna mtu anayetaka kuanzia kuendesha Voi ili apate picha ya mlima ukimkaribia. Mshaurini asubiri Mwatate.

Kupanda na kushuka

Mombo iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Lushoto karibu mita 1,400. Misitu ya Magamba na Shume inapita mita 2,000. Ukisoma namba hizo utadhani kazi ni kupanda mara moja halafu umemaliza. La hasha. Usambara ya Magharibi imekatwakatwa na mabonde, na kila kijiji kiko kwenye mgongo wake. Unaliona kanisa la kijiji cha mbele, ng'ambo tu pale, karibu kiasi cha kusikia kengele, halafu njia inakushusha hadi mtoni na kukupandisha tena saa nzima. Siku ya Rangwi kwenda Mtae haina kilele hata kimoja cha kujivunia, ila jioni miguu inajua ilichofanya.

Malipo yake ni mashamba ya miti ya Shume. Humo barabara za magogo zimetandikwa majani makavu ya misindano, kivuli ni cha siku nzima, na mwinuko umepimwa kwa ajili ya malori, kwa hiyo haukatishi tamaa. Hapa ndipo baiskeli inapotembea yenyewe. Angalizo ni malori hayohayo: yanashuka na mizigo mizito, na dereva hategemei kumkuta mtu kwenye kona. Kaeni upande wenu hata pale panapoonekana hapana mtu tangu asubuhi.

Kisha kuna mteremko wa mwisho, Lushoto kurudi Mombo, kwa wanaopenda kumalizia safari kwenye tandiko. Lami safi, Maporomoko ya Soni yanaonekana kutoka barabarani, joto linapanda kadiri unavyoshuka mpaka unavua jaketi ukiwa njiani. Ufanyeni asubuhi mapema. Baadaye malori ya mboga yanaanza kushuka kuelekea Dar, mabasi yanapanda, na barabara ile haina bega la kukimbilia.

Taita inapanda kwa namna nyingine. Wundanyi nayo iko karibu mita 1,400, na kilele cha Vuria kinafika mita 2,208. Hapa mizunguko ni mifupi na mikali. Barabara ya kwenda Vuria inafika hadi kwenye minara ya mawasiliano kileleni. Ina sehemu ambazo gurudumu la mbele linanyanyuka ukikaa vibaya. Asubuhi yenye anga safi unaona Tsavo yote, na Kilimanjaro ikiamua kujitokeza inaonekana magharibi. Ukishuka unaweza kupitia Werugha na kurudi Wundanyi kwa chakula cha mchana, na bado ukawa na alasiri ya kwenda Ngerenyi au Chawia. Kilomita zinaonekana chache kwenye karatasi, lakini Taita hailipi kwa kilomita. Sehemu nyingine zimewekwa lami nyembamba, jambo linalowaudhi wapenzi wa vumbi na kuwafurahisha wote wengine.

Amani ndiyo nyepesi kuliko zote kwa mapafu. Muheza iko chini, kama mita 200, na Amani iko karibu mita 900. Ukishafika juu, barabara za mashamba ya chai kuelekea Kwamkoro na Monga zinapanda na kushuka kwa upole. Joto ndilo linalochosha. Hewa ni nzito, jasho halikauki, na mtu anayeshinda vizuri Lushoto anaweza kujikuta anahema Amani kwenye kilima ambacho hakistahili jina hilo.

Kokote mtakapokwenda, mkipotea msiulize ni kilomita ngapi. Msalimieni kwanza mnayemkuta, shikamoo kama ni mtu mzima, kisha muulizeni: "Mzee, pikipiki inapita hapa?" Akisema inapita hata na mzigo, baiskeli yenu inapita. Akisema inapita lakini abiria anashuka, jueni kuna sehemu mtasukuma. Akicheka, tafuteni njia nyingine. Bodaboda wameshaipima milima hii yote, na kipimo chao hakidanganyi.

Msitu wenyewe

Kama mnasafiri kwa ajili ya msitu, mizani inalalia upande mmoja mapema. Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba ina zaidi ya hekta 9,000, Amani zaidi ya 8,000. Misitu ya Taita ni vipande vilivyosalia vileleni: Ngangao kama hekta 120, Chawia chini ya 100, Mbololo kama 200. Vipande hivyo vina thamani kubwa, maana ndimo wanamoishi ndege wasiopatikana kwingineko duniani, akiwemo yule Waingereza wanayemwita Taita thrush, na apalisi wa Taita. Kwa sababu hiyohiyo si mahali pa kupita kwa kasi na matairi yenye meno. Ngangao na Chawia egesheni baiskeli mlangoni, mtembee kwa miguu na mwongozaji. Uendeshaji wa Taita uko kati ya misitu: kwenye matuta ya mashamba, kando ya majabali, kwenye barabara zinazozunguka vilima.

Magamba inaruhusu kuhisi msitu ukiwa kwenye mwendo. Njia kuu inayokatiza ni pana, mbega wanaruka juu, na baridi inakushika ghafla unapoingia kutoka kwenye mashamba ya kabichi. Mwezi wa Juni hadi Agosti asubuhi humo mtahitaji glavu za vidole vizima. Kushika breki na vidole vilivyokufa ganzi ni hatari halisi.

Amani ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo bustani ya mimea, wakaleta miti kutoka kila bara lenye joto, na miti hiyo ingali imesimama, mingine mikubwa kiasi cha kuzungushwa na watu kadhaa walioshikana mikono. Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1997. Mnaendesha chini ya dari la majani, mkitoka mnaangukia kwenye chai iliyokatwa sawasawa, mkiingia tena msituni ni kinyonga, vyura, vipepeo. Mtu wa mimea ataukumbuka urujuani wa Afrika, ua dogo la zambarau linalokaa madirishani kwa watu Ulaya na Marekani. Asili yake ni milima hii, na jina lake la kisayansi la miaka mingi, Saintpaulia, linatokana na ofisa wa Kijerumani aliyelituma Ulaya miaka ya 1890. Amani haiendeshwi kwa haraka. Mwenye kiu ya mwendo atachoka nayo siku ya pili, mwenye macho hatataka kuondoka.

Tope

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na hilo ni kwa milima yote mitatu. Tofauti iko kwenye udongo na jinsi unavyokauka. Udongo mwekundu wa Lushoto ukiwa mkavu ni mzuri kuliko lami. Umeshikana, hautelezi, unapinda kona kwa kujiamini. Ukinyeshewa nusu saa tu unageuka gundi. Unajikusanya kwenye tairi, unapanda hadi kwenye uma wa mbele na pale nyuma ya kanyagio ambapo fremu inabana, unajaza nafasi yote mpaka gurudumu linasimama kabisa. Unashuka, unachokoa kwa kijiti, unaendesha mita hamsini, unashuka tena. Maji ya chupa yasipotezwe hapo. Dawa ni kusimama kwenye kibanda, kuagiza chai, na kungoja jua. Saa moja na nusu ya jua la Usambara inatosha kuifanya barabara kuu ipitike, ingawa vijia vya mashambani vitangoja kesho. Matairi membamba kidogo, ya inchi 2.1 au 2.2, yanaacha nafasi kubwa zaidi kwenye fremu kuliko yale ya 2.4, na kwa tope la namna hii nafasi ndiyo mali.

Taita inakauka upesi zaidi. Kuna mawe na changarawe nyingi, miinuko inamwaga maji haraka, na lami ya Wundanyi ipo ya kukimbilia. Lakini vuli ya huko ina nguvu, na Novemba si mwezi wa kuwapeleka wageni.

Amani haikauki. Inapata mvua karibu kila mwezi wa mwaka, na chini ya miti jua halifiki. Januari na Februari ni nafuu, vilevile Juni hadi Septemba, ila nafuu maana yake ni utelezi wa majani mabichi na mizizi badala ya tope la magotini. Punguzeni upepo kwenye matairi, vukeni mizizi kwa pembe ya moja kwa moja, msiguse breki ya mbele juu yake. Mkiona mstari mweusi unaokatiza njia, ni siafu. Nyanyueni baiskeli mruke, wala msisimame hapo kurekebisha viatu.

Kwa Lushoto na Taita mimi ningechagua mwisho wa Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Julai Lushoto ni baridi na ukungu unaweza kuficha mandhari ya Irente au Mtae hadi saa nne asubuhi, lakini njia ni kavu. Februari kuna joto zaidi na anga safi, na ndio msimu wa matunda damu na mapeasi yanayouzwa kando ya barabara kwa ndoo.

Kulala na kula

Lushoto mjini kuna kila daraja la malazi, kuanzia gesti za bei nafuu hadi nyumba za zamani zenye mahali pa kuota moto. Irente, kilomita chache kutoka mjini, kuna shamba linalouza jibini, mkate wa rai na jamu zinazotengenezwa palepale, na mbele yake ni ukingo wa mlima unaoangukia Mazinde. Ni mzunguko mzuri wa siku ya kwanza, wa kuzoesha miguu. Ukiondoka mjini malazi yanapungua: Rangwi kuna watawa wanaopokea wageni, Mambo na Mtae kuna nyumba za wageni, na katikati yake pigeni simu mapema. Mtae imejengwa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, kushoto bonde, kulia bonde. Ukiamka kabla ya jua utaelewa kwa nini watu wanapanda hadi kule.

Chakula cha njiani ni cha mama ntilie: wali maharage, ugali na mboga za majani, chai ya maziwa, maandazi. Kuleni kabla hamjasikia njaa, kwa sababu baada ya saa nane mchana vijiji vidogo vinaweza kuwa vimemaliza sufuria.

Wundanyi ina gesti za kutosha kwa kundi dogo na hoteli za chai karibu na soko. Waombeni kimanga, maharage yaliyopondwa pamoja na ndizi au muhogo. Kwa mpanda baiskeli hakuna chakula bora cha saa tano asubuhi. Jioni kuna muda wa kutembea, kwani hamjahama. Mapango yenye mafuvu ya wahenga wa Kitaita yako jirani na mji, lakini ni mahali pa heshima, hivyo mwendeni na mwenyeji na msiguse chochote.

Amani malazi ni ya kituo cha hifadhi na nyumba chache za wageni. Chakula kinapikwa kwa oda. Nunueni matunda, mkate na karanga Muheza. Na kwa kuwa Muheza na bonde lake ni eneo la malaria, chandarua na dawa ya kupaka si mzigo wa ziada.

Kuhusu ajali, nisiwatishe, ila mjue: Lushoto mna hospitali ya wilaya na Bumbuli kuna hospitali ya Kilutheri, Taita kuna Wesu juu kidogo ya Wundanyi, Amani mtalazimika kushuka hadi Hospitali Teule ya Muheza, na kushuka huko na mtu aliyevunjika mkono ni safari ndefu. Mtandao wa simu unapotea ndani ya misitu ya pande zote tatu.

Vibali na waongozaji

Magamba na Amani ziko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na malipo yanafanyika kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, si kwa pesa mkononi. Raia na mkazi wa Afrika Mashariki analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Amani mnalipa mkifika Sigi. Magamba, malizeni suala hilo Lushoto mjini kabla ya kupanda. Barabara za umma kati ya vijiji hazina kiingilio. Upande wa Kenya misitu iko chini ya Huduma ya Misitu, na malipo ya serikali hupitia tovuti ya eCitizen.

Mwongozaji Taita si lazima kwa barabara, ni lazima kwa misitu na mapango. Amani nisingeingia kwenye vijia bila mtu wa hapo. Lushoto mchukueni kwa siku mbili za kati, kutoka Magamba hadi Mtae, kwa sababu vijia vya mashamba vinagawanyika kila baada ya hatua chache na ramani ya simu haijui kipi kinaishia kwenye shimo la kuteka maji. Hakikisheni anaendesha baiskeli naye. Mwongozaji wa miguu atawapitisha njia za ngazi. Hasa mteremko wa kutoka Mtae hadi tambarare ya chini: wenyeji wanaushuka kwa miguu wakiwa na mizigo kichwani, na kwa baiskeli ni wa kubeba begani zaidi ya kuukalia.

Vyuma

Baiskeli moja inaweza kwenda kote, lakini kila mlima unakula kitu tofauti. Lushoto inakula pedi za breki. Kwenye miteremko mirefu mtu mwoga hushikilia breki kidogokidogo bila kuachia, diski inachemka hadi tone la maji likiangukia linatoa mvuke, na harufu inakufikia kabla ya sauti. Shikeni kwa nguvu, kwa muda mfupi, kisha achieni kabisa ipoe. Bebeni jozi moja ya akiba kwa kila baiskeli. Taita inakula matairi, kwa sababu ya mawe yenye ncha na miiba ya chini kabisa ya mlima. Tyubu mbili kwa kila mtu, na waliohamia kwenye tairi zisizo na tyubu wataona faida hapa. Amani inakula minyororo. Unyevu na mchanga laini vinaitafuna; futeni na kupaka mafuta kila jioni.

Fundi baiskeli yupo karibu kila njia panda. Anaziba pancha, ananyoosha gurudumu lililopinda, anachomelea kibebeo kilichovunjika. Breki za mafuta na shokapu za hewa si kazi yake. Kwa gia, meno 30 au 32 mbele na 46 hadi 50 nyuma yatakuokoa Vuria na kwenye miinuko ya Rangwi.

Kwa hiyo?

Kundi linalokwenda milimani kwa mara ya kwanza, lenye siku tano na uwezo wa kulipa dereva, liende Lushoto. Hakuna safari nyingine kati ya hizi tatu inayokupa hisia ya kwenda mahali, ya kukiona jana kile kilima ambacho leo umelala juu yake. Kundi la Mombasa au Nairobi lenye siku tatu au nne na gari moja liende Taita bila kujilaumu. Mtaendesha wote, na anayechoka siku ya pili anabaki Wundanyi sokoni bila kuvuruga ratiba ya mtu. Amani ningewapa wanandoa, wazazi wenye watoto wakubwa, au mtu aliyeshavuka Lushoto na sasa anataka utulivu. Ina ziada ambayo nyingine hazina: ukishuka Muheza, Tanga haifiki hata kilomita 50, na Pangani si mbali. Siku mbili za msitu, siku mbili za bahari.

Wenye siku nane au zaidi wanaweza kuunganisha Taita na Lushoto. Kutoka Mwatate lami inaendelea hadi Taveta, mnavuka Holili, mnatokea Himo, mnapita Same na safu ya Upare mkono wa kushoto hadi Mombo. Raia wa Afrika Mashariki wawe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Gari la Kenya litahitaji kadi ya njano ya COMESA kwa ajili ya bima na kibali cha muda cha gari la kigeni, vyote mpatiwe kabla au mpakani. Kama gari ni la kuazima au la kukodi, barua ya mwenye gari inayowaruhusu kulitoa nje ya nchi iandikwe na igongwe muhuri wa wakili mapema, kwa sababu Holili wataiomba kabla ya kuangalia hizo baiskeli nyuma.